Mita Mbili na Nusu

Miaka kumi na mmoja nimelisugua bwawa hili,
vigae vya buluu kimoja kimoja, kwa brashi ya mpini mrefu,
nikilitilia klorini kama mtu anayelisha ng'ombe asiyetoa maziwa.
Sikuwahi kulowesha goti.
Haikuandikwa popote kwamba nisiogelee.
Haikuhitaji kuandikwa.

Tuliambiwa Mzee Mfinanga alilichimba kwa ajili ya wageni.
Wageni walikuja mara tatu,
nne ukihesabu msiba wake.
Kisha Salasala yote ikajua ni la vyura
na majani ya mkungu, na mbu,
na bili ya maji ambayo Mama Ndeonasia
aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena
hadi karatasi ikachanika palepale penye jumla.

Asubuhi moja akasimama kwenye ukingo, kanga begani:
"Kunambi, kwenu Mgeta si mnalima mpaka ukutani?
Humu utashindwa?"

Tukaanza kwa kutoboa.
Fundi akaja na mashine yake ya zege,
matundu kumi na mawili sakafuni,
na kila tundu lilipopenya mama alifumba macho
kama anachomwa sindano kwa niaba ya marehemu.
Kisha kokoto. Kisha vipande vya matofali.
Kisha fuso mbili za udongo mweusi, na samadi ya mnadani Pugu
iliyofika ingali na joto lake.
Jirani akachungulia juu ya ukuta,
akauliza tunamzika nani.

Sakafu ilikuwa na mteremko,
upande wa watoto mita moja, wa wakubwa mbili na nusu,
nami nikaifuata kwa jembe, ngazi kwa ngazi,
kama bibi yangu alivyoufuata mlima wake:
mchicha na figiri huku juu,
bamia, nyanya chungu, kamstari ka mnavu,
na kule kilindini migomba mitatu,
majani yake yakitokeza ukingoni
mithili ya watu wanaoomba kuvutwa mkono.

Masika yakaja na hesabu yake.
Usiku wa tatu nikasikia bwawa likikumbuka kazi yake ya zamani.
Nikashuka ngazi ya chuma, simu imewasha tochi kwenye meno,
maji yakanifika kiunoni, kifuani,
miche ya mchicha ikinizunguka kidevu.
Simu nikaitupa ukingoni. Nikabana pumzi. Nikazama.
Nikapapasa lile bomba la kutolea maji,
na mdomoni mwake mfuko wa saruji,
mfuko niliousahau mimi mwenyewe.
Nikauvuta. Kilindi kikakoroma.

Hivyo ndivyo nilivyoogelea kwenye bwawa la Mzee Mfinanga:
usiku, na suruali yangu,
kinywa kimejaa samadi.

Nusu ya mchicha ilikwenda na maji.
Mgomba mmoja uliegemea vigae, haujanyooka hadi leo,
na ndio uliotangulia kuzaa.

Jumamosi mama hushuka mwenyewe, kisu mkononi,
akiishika ngazi kwa mikono miwili kana kwamba chini bado kuna maji.
Ukutani, juu ya kichwa chake, maandishi hayajafutika:
MARUFUKU KUPIGA MBIZI.
Pembeni, kwa rangi nyeusi, 2.5.

Juzi alikuwa akifunga mafungu kwa mgomba mkavu,
akasema bila kuniangalia:
"Alilichimba mwaka ule nilipomwambia naogopa maji."

Nilingoja aendelee.
Alihesabu mafungu, akakosea, akahesabu upya,
kisha akaniuliza kama bamia za leo
zitatosha na za jirani.